Krismasi, Herode na kalamu yangu

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Heri ya Krismasi kwenu nyote na kwa wote mlio nao nyumbani. Mnaouguza, mliofiwa mwaka huu, mlio mbali na kwenu, nawasalimu kwa namna ya pekee.

Mwaka huu nimekwama kwenye sura ya 2 ya Mathayo. Tumezoea kuisoma mpaka kwenye dhahabu, uvumba na manemane, kisha tunafunga Biblia kabla watoto wa Bethlehemu hawajauawa. Kalenda ya makanisa mengi haituruhusu kufanya hivyo. Tarehe 26 Desemba ni ya Stefano, aliyelieleza baraza ukweli mpaka wakampiga mawe. Tarehe 28 ni ya watoto wale waliouawa kwa amri ya mfalme Herode. Sikukuu haijapoa, na tayari tunasikia kilio cha Raheli, asiyekubali kufarijiwa.

Lakini walioninyima usingizi ni wakuu wa makuhani na waandishi. Herode anawaita na kuwauliza Kristo azaliwa wapi. Wanajibu papo hapo: Bethlehemu ya Uyahudi. Andiko la nabii wanalo kichwani, neno kwa neno. Kutoka Yerusalemu hadi Bethlehemu ni kama kilomita 9, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Mathayo hatuambii kama hata mmoja wao alikwenda, wala kama kuna aliyethubutu kumuuliza mfalme, "Mtoto huyu unamtakia nini?" Na Herode walimjua, mtu aliyewaua hata wanawe wa kuwazaa. Wakasoma andiko vizuri, wakampa muuaji anuani.

Nasema hivi nami nikiwa nimo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kamati moja ya kanisa. Mama mmoja mjane alisimama kwenye mengineyo, akiwa ameikunja karatasi yake ya kiwanja ndani ya leso, akauliza kwa nini mzee wetu mmoja mwenye uwezo amezungushia ua kiwanja hicho. Mwenyekiti akasema hilo si la kikao hiki. Mama akaifunga leso yake taratibu, fundo la kwanza, fundo la pili, akakaa. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nikaandika: "Mengineyo: hakuna." Kisha tukafunga kwa sala.

Ndiyo maana namkumbuka sana Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Februari 1977 askari walivamia nyumba yake usiku na kuipekua. Yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia uonevu na mauaji, wakatia sahihi. Fikirini hizo sahihi. Hawakuandika "inasemekana", hawakujificha nyuma ya "wananchi wanalalamika". Kila mmoja aliweka jina lake mahali ambapo Amin angelisoma. Tarehe 16 mwezi huohuo Luwum akauawa, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Alikuwa amechimbiwa kaburi Namirembe, kwenye kanisa kuu jijini Kampala, likabaki tupu, kwa kuwa mwili ulipelekwa kijijini kwao Mucwini.

Barua ile haikuwa ya matusi, na hilo nalisisitiza, maana siku hizi wengine tunadhani ujasiri ni kutukana wakubwa tukiwa mbali. Nabii Nathani alikwenda kwa mfalme Daudi mwenyewe kumwambia kosa lake. Yohana Mbatizaji alimwambia Herode mwingine, mwana wa yule wa kwanza, aliyemchukua mke wa ndugu yake, "Si halali kwako kuwa naye." Maneno machache, na aliyeambiwa alijua ni yeye. Na Mariamu, mimba ikiwa bado changa, aliimba kwamba Mungu "amewaangusha wakuu katika viti vyao vya enzi". Wimbo huo tunauimba kwa sauti laini mno.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa yule mama kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda chumbani akarudi na ile leso. Karatasi bado imo. Kwa ruhusa yake nimeandika barua kwa kamati, nikaeleza alichouliza siku ile na nilichoandika mimi, na nimetia sahihi jina langu lote. Itasomwa kikao cha kwanza cha Januari.

Mniombee, nami nawaombea. Krismasi njema, na Mungu awafikishe salama mwaka mpya.