Mdogo wangu, wale vijana walikuwa na kipaji

Mdogo wangu,

Wifi ameniambia kwamba bado unawasimulia watu kuwa nilikufukuza nyumbani kwangu kwa sababu ya mpira, huu wa Kimarekani wa kushika mikononi. Simu zangu hupokei, lakini najua ninayoandika hapa unayasoma, kwa hiyo nakujibu hapa hapa. Wengine watakaosoma watuvumilie.

Tuanze na Hawkeyes, timu ya Chuo Kikuu cha Iowa, maana ndiko ulikoanzia wewe. Ulisema, na nasikia bado unasema, kwamba safu ya mashambulizi ya Iowa ya miaka ile iliangushwa na wachezaji. Kwamba Brian Ferentz, kocha wa mashambulizi, alipewa vijana wasio na kitu akalaumiwa kwa kutozaa kitu. Msimu wa 2022 timu ilifunga wastani wa pointi 17.7 kwa mechi, na kwa yadi ilizosonga mbele ilikuwa ya 130 kati ya timu 131 za daraja la juu nchi nzima. Mechi ya kwanza ya msimu ule tuliishinda South Dakota State 7 kwa 3 bila tachidauni hata moja, yaani bila kuufikisha mpira mwisho wa uwanja kwa pointi sita: teke moja la pointi tatu, na mara mbili safu ya ulinzi ikawanasa wapinzani ndani ya eneo lao wenyewe, pointi mbili mbili. Ulikuwepo. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Sasa niambie, mdakaji wetu Sam LaPorta hakuwa na kitu? Msimu huohuo wa 2022 alidaka pasi 58 kwa Iowa na kufunga tachidauni moja tu. Mwaka uliofuata Detroit Lions, timu ya kulipwa, wakamchukua, na katika msimu wake wa kwanza kabisa wa kulipwa, dhidi ya mabeki wakubwa kuliko wale wa chuo, akadaka pasi 86 na kufunga tachidauni 10. Na Charlie Jones? Mwaka 2021 Iowa ilimpa pasi 21 msimu mzima, kazi yake kubwa ikawa kurudisha mipira ya mateke. Akahamia chuo cha Purdue, mwendo wa saa chache tu kwa gari kutoka hapa. Msimu mmoja, pasi 110, yadi 1,361, tachidauni 12. Mikono ilikuwa ileile na mbio zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni aliyekuwa akipanga mchezo na aliyekuwa akirusha.

Hapo najua utaniletea habari ya kwotabeki, yule anayerusha pasi. Nakubali sehemu yake. Mwaka 2023 Cade McNamara aliumia goti mwishoni mwa Septemba, na Deacon Hill aliyeingia badala yake hakufikisha hata nusu ya pasi zake kwa msimu. Mdakaji Luke Lachey alikwisha kuumia, kisha mwenzake Erick All naye. Hakuna kocha anayefurahia hayo. Lakini kwenye mpira wa chuo, mdogo wangu, kocha hagawiwi wachezaji. Anapanda gari anakwenda majumbani mwao, anakaa na mama zao sebuleni, anachagua nani apewe nafasi ya kusoma bure na nani asipewe. Kwotabeki wa pili ni yeye aliyemleta, na wa tatu pia. Akisimama mwishoni akasema vijana hawawezi, anasema yeye mwenyewe hakujua kuchagua, au alichagua vizuri na hakujua kufundisha. Njia ya tatu siioni, na kila nikikuuliza swali hili ulikuwa unabadilisha mazungumzo.

Mwaka 2024 alipokuja Tim Lester kushika nafasi ya Brian, mkimbiaji wetu Kaleb Johnson alikimbia yadi 1,537 na kufunga tachidauni 21 kwa kukimbia. Mwaka uliotangulia hata yadi 500 hakufikisha. Ndiyo, alikuwa ameumia kifundo cha mguu, nalikumbuka hilo. Lakini timu nzima ilipanda kutoka pointi 15.4 kwa mechi hadi zaidi ya 27, na vijana wengi walikuwa walewale.

Wewe ulimtetea Brian kwa sababu ya baba yake. Uliniambia hivyo mwenyewe, na nilikuelewa kuliko ulivyodhani. Kirk Ferentz ameiongoza timu hii tangu 1999, mwanawe akawa kocha wa mashambulizi kuanzia 2017, na kwa kuwa kanuni za chuo hazikuruhusu baba kumsimamia mwanawe, ikabidi Brian awajibike kwa mkurugenzi wa michezo. Ukasema: mzazi atamtupaje mtoto? Mimi ni mzazi, sikuwa na haja ya kufundishwa. Ila pale uwanjani kulikuwa na watoto wa wazazi wengine zaidi ya mia moja, na miaka yao ya kucheza ni minne au mitano, ikipita imepita. Mwanzoni mwa 2023 mshahara wa Brian ulishushwa kutoka dola 900,000 hadi 850,000, akaandikiwa sharti la pointi 25 kwa mechi na ushindi wa mechi saba. Hata pointi za safu ya ulinzi zingehesabiwa. Pointi hizo hakuzifikisha. Kijana asiyelipwa mshahara alikuwa akizomewa na watu elfu 69 Kinnick, uwanja wa Iowa, kwa ajili ya mpango ulioandikwa na mtu mzima anayelipwa hivyo, na wewe ukamhurumia mtu mzima.

Sasa nije kwenye ile Jumamosi, tarehe 21 Oktoba 2023, tulipocheza na Minnesota.

Cooper DeJean wetu alirudisha teke la Minnesota yadi 54 hadi mwisho wa uwanja, ikiwa imebaki dakika moja na ushee, sebule nzima tukasimama, mama mkwe wako akadondosha sahani ya sambusa. Kisha waamuzi wakafuta, eti mkono wake wa kushoto ulipunga kama anayeomba mpira usichezwe. Mpira ukabaki wetu, Hill akarusha, Minnesota wakaudaka. Tukafungwa kumi na mbili kwa kumi. Ukasema, "Miti mikavu hii. Kocha atafanya nini na miti mikavu?" Mpaka hapo sikuwa na neno. Halafu ukamgeukia mwanangu, aliyekuwa akichezea timu ya shule. Hakuwa amesema lolote, alikuwa anaokota vipande vya sahani. Ukamwambia, "Na wewe ni hivyohivyo. Acha kumsingizia kocha wako. Huna kipaji, kubali, usimpotezee mama yako mafuta ya gari."

Mbele ya watu wote wale. Na wewe ni mjomba wake. Mimi nikisema, atabisha, atanuna, kesho yamekwisha. Mjomba akisema, kwetu, hilo limesemwa. Jumatatu alirudisha kofia na mabega ya kuchezea shuleni, akaniambia amechoka. Hakuwa amechoka.

Siku tisa baada ya mechi ile chuo kilitangaza kwamba Brian hatarudi msimu ukiisha. Niliona habari hiyo nikiwa kazini zamu ya usiku, nikakutumia. Ukaisoma, hukujibu.

Na kinachoniuma hadi leo ni kwamba ulijua. Wiki chache kabla ya hapo tulikaa wote jukwaani kwenye mechi yake, kwenye baridi, umejifunika kanga yangu mabegani. Kocha wao alikuwa anampanga kama mdakaji kisha hampi pasi, kila mpira unakimbizwa katikati, unagonga ukuta, teke, basi. Wewe ndiye uliyesimama ukapiga kelele kwa Kiswahili, Wazungu wakageuka: "Yuko peke yake! Mpeni mtoto mpira, yuko peke yake!" Nilikupenda sana siku ile.

Tena wewe, ambaye kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ulikaa ukitafuna kucha pembeni ya uwanja kwa sababu yule mwalimu alikuweka beki wa kulia na mguu wako ni wa kushoto. Nani alikaa nawe usiku akikuambia kosa si lako? Nani alikwenda kuzungumza na yule mwalimu, msichana mdogo vile, akafukuzwa kama kuku? Hukusema siku ile kwamba huna kipaji. Ulisema mwalimu haoni, na nilikuamini kwa sababu ulikuwa unasema kweli.

Wanaosema namdekeza mwanangu waniambie kudekeza ni nini. Kumwendesha mazoezini nikitoka kazini sijalala? Kujifunza mchezo nisioujua, yadi na majaribio manne, nikiwa mtu mzima, ili akinieleza nielewe? Sikumwambia kamwe kwamba atacheza Kinnick. Nilitaka acheze mpaka amalize shule, ajue mwenyewe alipofika. Ulimnyima hilo, na nilipokuambia uchukue koti lako nilikuwa nalinda cha kwangu, kama ambavyo ningekulinda wewe. Ningefanya vilevile leo.

Sasa anasoma ufundi wa umeme, anaendelea vizuri, amekuwa mrefu kukupita. Bado anatazama mechi, chumbani kwake. Jina lako likitajwa anasema "mjomba" kwa heshima ileile.

Mpigie yeye, usinipigie mimi. Namba ni ileile. Usimtumie ujumbe kupitia kwa wifi na usimletee habari za pesa za shule, anazo. Mwambie ulichokipigia kelele jukwaani siku ile, kwamba alikuwa peke yake na hawakumpa mpira. Mwambie uliona.

Dada yako