Kabla hamjaja kukimbia masika

Malindi

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa timu yote. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia mnakuja watano kwenye mashindano ya baiskeli, kwa mpango mmoja. Ila mwezi wa tano huku ni masika yenyewe, na nyinyi wa Voi mmezoea lami kavu. Nakuandikia mapema mpate muda wa mazoezi.

Kubwa la kushika ni hili: kwenye mvua timu inagombea nafasi kwanza, mbio baadaye. Aliye mbele analiona shimo, anachagua njia yake, breki anazigusa kidogo tu. Wa nyuma anakula maji machafu ya gurudumu la mwenzake, haoni kitu, na kila kona inamsimamisha kisha inamlazimu akimbizane na kundi. Akifukuza hivyo mara tatu nne, miguu imekwisha kabla mashindano hayajapamba moto.

Sasa itazame njia. Malindi hadi Gede ni kilomita 15 hivi, halafu mnageuza. Mwezi huo unavuma kusi, upepo wa kutoka kusini, na kwenda Gede mnaelekea kusini-magharibi, basi upepo utawapiga usoni kwa upande wa kushoto. Kumfuata mtu sawasawa nyuma yake hakutawakinga vya kutosha. Jipangeni mshazari, kila mmoja nyuma na kuliani kidogo mwa mwenzake. Aliye mbele aache kama mita moja ya lami kushoto, maana akimaliza zamu yake ya kukata upepo anatokea upande wa upepo, na pembeni kabisa ndiko mvua inakorundika mchanga na vigae vya chupa. Zamu iwe sekunde 20 hadi 30. Mwenye nguvu asivute dakika mbili ili aonekane, anawavunjia wenzake mwendo. Na kwa kuwa magari hayafungiwi barabara, mshazari unaishia mstari wa katikati: wanaenea wanne au watano, basi. Mkiwa watano mmejaza njia, na wa sita hana pa kujikinga. Hapo ndipo faida ya kuja timu.

Lakini mshazari unafanya magurudumu yapishane, na ukigusana na mwenzako kwenye maji, anayeanguka ni yule ambaye gurudumu lake la mbele limeguswa. Achianeni upana wa hendeli ubavuni. Msionyeshane kwa mikono, mikono ibaki kwenye breki. Semeni kwa sauti: "shimo kushoto", "tuta", "mchanga". Dimbwi lolote lihesabuni ni shimo. Mistari ya rangi, vivuko na mbele ya vituo vya mafuta na steji za matatu, pitieni baiskeli ikiwa wima, bila breki wala kukata kona.

Pale pa kugeuzia Gede ndipo mchezo utakapoamuliwa, kwa maoni yangu. Watano wa kwanza watageuka bila kusukumwa na mtu, wapate upepo wa nyuma na kuondoka. Wa thelathini atakuwa ameweka mguu chini akingoja njia. Kwa hiyo kilomita mbili kabla ya hapo muwe mbele, wawili wakivuta na yule wa kumalizia, mnayemtegemea kushinda, akiwa wa tatu. Mita 70 kabla ya kugeuka gusa breki kidogo kufuta maji kwenye rimu, maana mfinyo wa kwanza hauna kazi, wa pili ndio unaoshika. Teremsha gia mapema. Maliza kupunguza mwendo baiskeli ikiwa bado wima, achia breki ya mbele, mguu wa kushoto chini na uzito wote juu yake, kisha ndiyo uingie kulia. Anayebana breki ya mbele akiwa amelala kwenye lami iliyolowa hana muda hata wa kushtuka.

Kurudi, upepo uko nyuma kwa kulia. Kinga ya mwenzako inapungua thamani na mwendo unapanda, ndiyo maana kutoroka kunawezekana. Sasa mshazari unaelekea kushoto, na wa mbele yuko karibu na magari yanayokuja. Hapo pia mita moja ya nafasi, tafadhali.

Upande wa tairi: mtu wa kilo 70 anayejaza tairi za milimita 25 hadi presha ya psi 90, siku ya mvua ateremshe hadi 80. Asishuke sana, maana tairi likipiga ukingo wa shimo rimu inabana tyubu. Ukiona matundu mawili yamekaa sambamba, chanzo ni hicho, si mwiba. Na miiba ya kwenu huko ikaguliwe kabla ya safari. Mwiba uliokwama kwenye mpira mkavu unaweza kukaa wiki nzima bila madhara. Mpira ukilowa unateleza, na mwiba unazama. Toeni tairi, pitisheni kidole ndani polepole mzunguko mzima, kipande kikikwaruza kitoeni kwa koleo. Kiraka na solisheni havishiki penye maji, kwa hiyo kila mtu abebe tyubu mbili. Amueni kabla nani anampa nani gurudumu. Wa kumalizia akipata pancha, mmoja anampa lake, mwingine anamngoja na kumrudisha, wawili wanabaki na kundi.

Koti la mvua liacheni nyumbani, litawachemsha tu. Kofia yenye ukingo chini ya helmeti inatosha. Hatari ya mvua ni kwamba mtu hasikii kiu wala njaa. Kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli ya 2019 huko Yorkshire, Uingereza, mvua ilinyesha sana, na Mathieu van der Poel wa Uholanzi alikuwa mbele hadi mzunguko wa mwisho, nguvu zikamwishia ghafla, akamaliza wa 43. Mads Pedersen wa Denmark ndiye aliyechukua. Kila saa: ndizi mbili, tende mbili tatu zilizotolewa kokwa, na nusu lita ya maji, utake usitake.

Mkimaliza, osheni baiskeli kwa maji baridi siku hiyohiyo. Kausheni mnyororo, tone moja la oili kila pingili, futeni la nje. Kwenye raba za breki mtaona vijiwe na vichane vya chuma vimejipachika. Ving'oeni kwa sindano, la sivyo vitailamba rimu safari ijayo.

Nijibu upesi kama breki zenu ni za raba au za diski, nitafute za akiba hapa mjini. Na uniambie yule wa kumalizia ni nani kati yenu, na uzito wake.

Wasalaam,
Rafiki yako