Darajani bila daraja, na tao la Mto Save

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu siku mjukuu wangu aliponiuliza, tukisubiri daladala, "Babu, hapa Darajani daraja lenyewe liko wapi?" Nilimweleza kuwa hapo zamani mkondo wa maji ya bahari uliutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, watu wakivuka kwa daraja, na mkondo ulipofukiwa daraja likaondoka, likabaki jina. Akataka aoneshwe mahali penyewe. Tukatafuta kibao, tusikione.

Usiku nikamtolea sarafu ya Zimbabwe ya senti 20, niliyoletewa zamani na ndugu yangu aliyekuwa baharia. Upande mmoja limechorwa tao refu la chuma cha pua, na barabara imening'inia chini yake. Hilo ni Daraja la Birchenough, juu ya Mto Save, ambao maji yake humwagika katika Bahari hii hii ya Hindi kwa upande wa Msumbiji.

Lilikamilika mwaka 1935. Aliyelisanifu ni Ralph Freeman, mhandisi wa Kiingereza aliyeshiriki pia kulisanifu daraja la bandari ya Sydney lililofunguliwa mwaka 1932, na kampuni iliyolijenga, Dorman Long, ndiyo iliyojenga la Sydney. Ukiziweka picha zao pamoja utasema ni mtu na mdogo wake, kwani tao la Sydney lina mita 503 na la Save mita 329. Fedha zilitoka katika Mfuko wa Beit, ulioanzishwa kwa wasia wa tajiri Alfred Beit.

Mtoto aliuliza kwa nini halina nguzo mtoni. Nilichukua chelewa moja ya ufagio, nikaipinda katikati ya vitabu viwili vizito, nikamwambia abonyeze juu kwa kidole. Chelewa haikuvunjika, bali vitabu vilianza kuachana. Akafahamu mara moja kwamba uzito wa gari hupanda kwa vile vyuma vinavyoishikilia barabara, ukafika kwenye tao, na tao likausukuma hadi kwenye misingi ya kingo mbili, kwa hiyo misingi ikiyumba hakuna daraja. Mto wa mchanga na mafuriko kama Save hauna cha kugonga pale katikati.

Daraja hilo limepewa jina la Sir Henry Birchenough, aliyekuwa mwenyekiti wa Mfuko huo, na alipofariki mwaka 1937 majivu yake yalihifadhiwa humo darajani. Mimi hili linanisikitisha kidogo, maana walioyabeba na kuyafunga yale machuma katika joto la bonde lile hawakuandikwa kwenye daraja wala kwenye sarafu. Hata hivyo historia ya daraja lenyewe haikupotea. Inajulikana hata kwamba mwaka 1984 liliimarishwa na barabara yake ikapanuliwa, na mtoto wa Zimbabwe aliyepewa senti 20 akanunue kitu dukani alilishika mkononi.

Ndiyo maana naiomba Manispaa ya Mjini iweke ubao pale Darajani, karibu na soko lililofunguliwa mwaka 1904, ueleze daraja letu lilisimama wapi, lilijengwa kwa vitu gani, na mkondo ulifukiwa lini hadi Mnazi Mmoja pakawa viwanja. Ubao huo uwe na picha kutoka Nyaraka za Kilimani, na kama majina ya mafundi na wapagazi yamo katika daftari za malipo, basi yaandikwe mwanzo, kabla ya jina la mkubwa yeyote. Wazee wa Ng'ambo waliousikia mkondo ule kwa wazazi wao wangali hai, na walimu wa skuli za mjini wanaweza kuwatuma wanafunzi wakawarikodi likizo hii.

Mwalimu mstaafu,
Kikwajuni, Unguja