Jumamosi ya shabaha: saa imebadilika

Ndugu zangu, habari za jioni.

Jua la Houston limetushinda, kwa hiyo Jumamosi tutaanza saa 2:00 asubuhi badala ya saa 5:00. Uwanja ni ule ule. Saa mbili ya kwetu, jamani, simu yako itaandika 8:00. Mara ile kuna shemeji alitufikia saa nane mchana, tukiwa tunafunga mizigo.

1. Mchango ni dola 35, kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi usiku. Unalipia nafasi mbili za kulengea na karatasi za shabaha. Risasi kila mtu aje na zake.

2. Mzee wetu analeta bunduki yake ya Kiingereza, Lee-Enfield ya .303, jamii ile waliyobeba askari wa King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza kule Afrika Mashariki. Kitako amekipaka mafuta ya kitani kwa kiganja wiki tatu nzima, kinang'aa kama mlango wa Lamu. Risasi zake ni ghali: tano tano tu kila mtu, na bega utalisikia.

3. Wenye bunduki za Kirusi za Mosin-Nagant na risasi kuukuu za jeshi, njooni na chupa ya maji ya moto. Zinaacha chumvi mtutuni, na mafuta peke yake hayaitoi.

4. Bunduki zije tupu, ndani ya mifuko yake. Miwani na vizibo vya masikio ni lazima.

Wenye viza za masomo au matembezi, msiguse silaha kabla hatujaongea. Sheria ya shirikisho inawabana. Chai na mandazi hazihitaji viza.

Tafadhali andika NIPO au SIPO hapa kabla ya Jumatano saa 4:00 usiku, nijue idadi.