Burner ya Kirumba si ya mwaka 1978

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nisahihishe jambo lililoandikwa hivi karibuni kuhusu vijana wa Kirumba, hapa Mwanza, wanaokusanya baiskeli ndogo za zamani. Chini ya picha mojawapo mliandika kwamba baiskeli iliyopakwa rangi nyekundu, yenye jina la Raleigh Burner, ni BMX halisi, yaani baiskeli ndogo ya mbio za njia za vumbi, ya mwaka 1978. Haiwezekani. Raleigh, kampuni ya Nottingham nchini Uingereza, ilianza kuuza Burner mwaka 1982. Mchezo wenyewe wa BMX ulizaliwa California mwanzoni mwa miaka ya 1970, watoto walipoanza kushindana kwa baiskeli za rimu ya inchi 20 kwenye njia za vumbi wakiiga mashindano ya pikipiki, na kampuni za Marekani kama Mongoose na Redline zilikuwa sokoni kabla ya muongo huo kwisha. Waingereza walifuata baadaye.

Huenda aliyetaja 1978 alikuwa anaikumbuka Grifter, ambayo Raleigh waliitoa mwaka 1976 ikiwa na gia tatu za Sturmey-Archer zilizobadilishwa kwa kuzungusha mshiko wa usukani. Nayo ina magurudumu madogo na mwili mnene, kwa hiyo kwa jicho la mbali mtu anaweza kuichanganya na BMX.

Mwenye baiskeli hiyo ni jirani yangu, na kwa kuwa nimefanya ufundi wa baiskeli kwa miaka mingi, alikubali niikague. Niliigeuza magurudumu juu, nikafuta grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, kisha nikamulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni ili kivuli kiingie ndani ya maandishi. Chini ya lile bomba fupi linalobeba krenki, yaani mikono ya pedali, ilitokea herufi N, ikafuata herufi nyingine, kisha tarakimu 3 na namba zilizobaki, ambazo sitaziandika hapa kwa sababu za usalama wa mwenye mali. Katika fremu za Raleigh za miaka ya 1970 na 1980, herufi ya kwanza hutaja kiwanda, N ikiwa Nottingham na W ikiwa Worksop. Herufi ya pili hutaja mwezi, ingawa msomaji asihesabu moja kwa moja kwa alfabeti kwa kuwa baadhi ya herufi zilirukwa. Na tarakimu inayofuata ni ile ya mwisho ya mwaka. Tarakimu 3 peke yake ingeweza kuwa 1973 au 1983. Mwaka 1973 Raleigh hawakuwa na fremu ya namna ile, kwa hiyo kinachobaki ni 1983, na hapo ndipo ninaposimama.

Stika haikunisaidia chochote, wala isimsaidie mtu mwingine. Stika za Burner na za Mongoose huchapishwa upya hadi leo na kuuzwa kwa yeyote anayezitaka, na Raleigh wenyewe wamewahi kutoa tena Burner za kumbukumbu katika miaka ya karibuni. Vifaa vilivyofungwa navyo vinaweza kupotosha. Nyuma ya friwili, ile gia ya gurudumu la nyuma, ya baiskeli ya jirani yangu, ambayo imetengenezwa na kampuni ya Shimano, nilikuta herufi mbili, ya kwanza ikiwa L. Shimano walianza kuhesabu miaka kwa herufi mwaka 1976: A ni 1976, B ni 1977, na kuendelea hivyo hadi H ambayo ni 1983 na L ambayo ni 1987, herufi ya pili ni mwezi. Friwili hiyo basi ilifungwa baadaye, baada ya ile ya kwanza kuchakaa, na anayeitegemea atakosea kwa miaka minne. Kifaa hueleza umri wake chenyewe. Umri wa baiskeli uko kwenye fremu.

Najua si kila fremu inayoshushwa katika marobota ya mitumba ina namba inayosomeka, wala si kila kampuni ilifuata utaratibu kama wa Raleigh. Hapo ndipo kipimo cha rula na kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo, kinapohitajika. Bomba la krenki likiwa pana na laini ndani, bila hesi (mikunjo ya skrubu), lenye kipenyo cha takriban milimita 51, hiyo ni namna ya Kimarekani iliyobuniwa kwa krenki ya kipande kimoja. Likiwa jembamba lenye hesi, ni namna ya Ulaya. Shingo ya usukani inayozama ndani ya foki ina milimita 21.1 katika BMX nyingi za zamani za Kimarekani, na 22.2 katika baiskeli nyingine nyingi, tofauti ndogo ambayo fundi asiyepima hulazimisha kwa nyundo hadi anapasua foki. Fremu iliyotengenezwa kwa foki isiyo na hesi, ya inchi moja na moja ya nane, haiwezi kuwa ya miaka ya 1970 hata kama stika yake inasema hivyo, kwa kuwa mfumo huo ulienea katika miaka ya 1990. Vilevile, vijisikio viwili vyenye matundu vilivyochomelewa karibu na shingo, vya kushikilia kile kifaa kinachouwezesha usukani kuzunguka duara zima bila kukata waya za breki, ni dalili ya katikati ya miaka ya 1980 na kuendelea, wakati michezo ya kuruka na kuzunguka ilipoanza kushindana na mbio.

Linaloniumiza zaidi ni grenda. Hewa ya ziwani ina unyevu, kutu huingia chini ya rangi, na mafundi wetu wamezoea kusafisha fremu nzima kwa grenda kabla ya kupuliza rangi mpya. Mwaka juzi nilimpelekea fundi mmoja wa mjini fremu ya kromoli, chuma chepesi na imara, niliyoinunua katika soko la Mlango Mmoja kwa bei ya chuma chakavu, nikamwachia bila maelekezo, na niliporudi sehemu yenye namba ilikuwa inang'aa kama kioo. Hadi leo siwezi kusema fremu hiyo ni ya mwaka gani, na sitamlaumu aliyeifanya kazi hiyo kwa sababu hakuna aliyemwambia. Sehemu ile ingesafishwa kwa msasa laini na mafuta ya taa, kisha ikawekewa karatasi nyembamba juu na kusuguliwa kwa penseli, namba ingebaki kwenye karatasi hata kama fremu ingepakwa rangi mara kumi. Namba hiyo ndiyo pia ambayo mwenye baiskeli huitoa polisi akiibiwa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, sahihisheni mwaka huo, kwa sababu tangu gazeti litoke nimesikia kwamba mtu ametaka kuinunua baiskeli ya jirani yangu kwa bei ya kitu cha 1978, na jirani yangu, ambaye ni mwaminifu, amekataa kuiuza mpaka maandishi yenu yarekebishwe. Pili, mwandishi wenu akirudi Kirumba, apige picha ya sehemu ya chini ya krenki na miisho ya nyuma inaposhikia ekseli, hata kama mtafunika tarakimu za mwisho mnapochapisha, kwa kuwa vijana wale wana fremu nyingine sita ambazo bado hazijaguswa na grenda.

Wako,
Fundi baiskeli mstaafu,
Kitangiri, Mwanza