Mvinyo mwekundu wenye mapovu unaharibiwa mezani

Mhariri,

Kaskazi imeingia na mahoteli ya Nyali, Bamburi na Shanzu yanapokea wageni. Tunaomba nafasi tuzungumze na mameneja wa mikahawa na wahudumu wenzetu kuhusu kinywaji ambacho huharibiwa mezani, tena na watu wenye nia njema: mvinyo mwekundu wenye mapovu.

Kosa lina sura mbili. Kuna baa zinazouteremsha kutoka rafuni na kuumimina vivyo hivyo, kwa kuwa mhudumu alifunzwa kwamba mvinyo mwekundu hunywewa katika joto la chumba. Nyingine huulaza usiku kucha kwenye friji ya bia, ukatoka ukiwa nyuzijoto 3 au 4. Funzo la joto la chumba si la uongo, ila lilizaliwa Ulaya, katika nyumba za mawe ambazo ndani hazikuzidi sana nyuzi 16 au 18. Chumba cha Mombasa mwezi wa Februari kina nyuzi 30. Anayefuata ushauri huo bila kuuliza ni chumba cha wapi, anampa mgeni kitu cha uvuguvugu.

Na uvuguvugu una madhara ya kuonekana kwa macho. Mapovu ni gesi ya kaboni iliyoyeyuka ndani ya mvinyo, na kadiri kinywaji kinavyopata joto ndivyo kinavyoshindwa kuishika. Kwa nyuzi 30 hushika zaidi kidogo ya nusu ya gesi ambayo kingeshika kwa nyuzi 10. Ndiyo maana chupa ya rafuni ikifunguliwa hufoka hadi kwenye kitambaa cha meza, kisha ifikapo glasi ya pili mapovu yamelala. Harufu ya pombe nayo hupanda puani na kuifunika ile ya matunda, na kama mvinyo una sukari, utamu wake hukinaisha.

Baridi kali huharibu kwa njia nyingine, na hapa ndipo mvinyo huu unapoachana na ule mweupe wenye mapovu. Mwekundu huchachushwa pamoja na maganda ya zabibu, na maganda huacha tanini, yaani ule ukakasi anaoujua kila mtoto wa Pwani aliyekula zambarau kabla hazijaiva sawasawa. Baridi huukuza ukakasi huo. Gesi ina ukali wake ulimini, uchachu wa zabibu una wake, na vyote vikikutana kwa nyuzi 4 mgeni huonja uchungu mtupu, harufu hakuna, akarudisha glasi akisema mvinyo ni mbovu.

Kiwango kinachofaa hutegemea chupa. Lambrusco, mvinyo mwekundu wenye mapovu wa Emilia-Romagna, Italia, si kitu kimoja. Ile ya Sorbara, yenye rangi hafifu na uchachu mwingi, inataka nyuzi 8 hadi 10. Lambrusco ya aina ya Grasparossa ni nzito, rangi yake imekolea na tanini zake ni nyingi, kwa hiyo ipewe nyuzi 12 hadi 14. Shiraz (jina la zabibu yake) yenye mapovu kutoka Australia nayo iwekwe karibu na 12. Brachetto d'Acqui, mvinyo wa Piemonte, Italia pia, ni tamu na pombe yake ni kidogo. Hiyo ipoe hadi 8 hivi, kwa sababu baridi huituliza sukari. Someni kibandiko: secco ni isiyo na utamu, amabile ina utamu kiasi, dolce ni tamu. Kati ya chupa mbili za aina moja, iliyo tamu zaidi ndiyo ipozwe zaidi.

Jambo linalosahauliwa hapa kwetu ni kwamba glasi haikai ilivyo. Kwenye veranda yenye nyuzi 30, mvinyo ndani ya glasi hupanda nyuzi 3 au 4 kwa dakika 10 hivi, na upesi zaidi mgeni akiikumbatia kwa kiganja. Basi mimineni ukiwa nyuzi 2 chini ya kiwango mnachokitaka, tena kidogo kidogo, mililita 100 kwa mara moja. Kujaza glasi hadi ukingoni ni ukarimu unaomwachia mgeni nusu ya mwisho ikiwa moto.

Kupoza si kazi ngumu. Tieni ndoo nusu barafu na nusu maji baridi, halafu mzamishe chupa hadi shingoni. Barafu tupu haifai kwa sababu vipande vinaacha nafasi za hewa, na hewa haipozi kama maji yanayoigusa chupa kila upande. Konzi ya chumvi huyashusha maji chini ya sifuri na kuharakisha mambo. Chupa ya nyuzi 30 hufika karibu na 8 kwa dakika 20 hadi 25. Shingo ikibaki nje, glasi ya kwanza itakuwa na joto kuliko zinazofuata. Kwenye friji ya kawaida kazi hiyo hiyo huchukua saa tatu hadi nne. Kama kuna friji ya bia tu, itoeni chupa dakika 20 hadi 30 kabla ya kuifungua. Unyevu wa hewa yetu unaogeuka maji juu yake kama jasho huipasha moto upesi kuliko mnavyodhani. Friza msiitumie kabisa. Mvinyo ukiganda hutanuka, ukasukuma kizibo au kupasua chupa. Msikisie kwa kupapasa chupa kwa mkono. Kipimajoto cha jikoni, kile cha kuchomeka kwenye nyama, kikioshwa vizuri kinatosha kupima glasi ya kwanza.

Kufungua kunahitaji tahadhari zaidi chupa ikiwa na joto. Lambrusco nyingi zina mgandamizo mdogo wa gesi, 1 hadi 2.5 kwa kipimo kiitwacho bar, lakini zile zenye mapovu kamili hufika 5 au 6, zaidi ya mara mbili ya tairi la gari dogo. Kizibo kikiruka kinaweza kupofusha jicho. Kidole gumba kisiondoke juu ya kizibo tangu waya inapolegezwa. Inamisheni chupa kidogo, shikeni kizibo, mzungushe chupa yenyewe, na kiachieni kitoke polepole kwa mnong'ono. Ifuteni chupa jasho kwanza, maana chupa yenye maji huteleza.

Kuhusu glasi, nyembamba ndefu za shampeni hubana harufu. Tumieni ya mvinyo mweupe, yenye tumbo kiasi na mdomo uliojikunja ndani. Msiigandishe glasi kwenye friza. Barafu yake huyeyuka na kuuzimua mvinyo. Sabuni iliyobaki huua povu, na pale hoteli inapotumia maji ya kisima yenye chumvi, suuza ya mwisho iwe ya maji matamu, la sivyo glasi hukauka na utando mweupe.

Hata hivyo, hakuna ndoo itakayoiokoa chupa iliyokaa miezi kadhaa karibu na dirisha la jua au juu ya friji inayotoa joto. Matunda yake hufifia, ladha ikawa kama ya jamu iliyopikwa mno. Hifadhi iwe chumba chenye giza, chini ya nyuzi 18 ikiwezekana, na stima ikipotea mlango usifunguliwe ovyo. Chupa iliyofunguliwa ikabaki nusu, ifungwe kwa kizibo cha kubana na irudi kwenye friji isimame wima. Siku ya pili bado ina mapovu ya kutosha; ya tatu, ipelekeni jikoni ipikiwe nyama.

Wahudumu wa mvinyo,
Nyali, Mombasa