Usiseme heri wangetolewa na Barcelona

Mdogo wangu,

Maneno yako uliyasema mbele za watu, na wengine wameyachukua wakayarudia kama yao, ndiyo maana nakujibu mbele za watu. Ulisema kuliko Inter kufika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya kule Munich na kupigwa tano bila na PSG ya Paris, heri wangetolewa na Barcelona kwenye nusu fainali, aibu ikaishia huko. Ukaongeza kwamba Dimarco, beki wenu wa kushoto, asiivae tena ile jezi. Wakati ule sikukujibu. Mtu aliye matangani hafuatwi na mabishano. Lakini muda umepita, na bado kila Inter inapotajwa unaanza na yale yale, kwa hiyo leo nasema yangu.

Sina nia ya kukipunguza kipigo. Tarehe 31 Mei 2025 mlifungwa 5-0, na tangu fainali ya kwanza mwaka 1956, enzi yakiitwa Kombe la Ulaya, hakuna timu nyingine iliyowahi kufungwa fainali ya mashindano hayo kwa tofauti ya mabao matano. Real Madrid waliwafunga Eintracht Frankfurt 7-3 kule Glasgow mwaka 1960. Milan wakaichapa Barcelona ya Johan Cruyff 4-0 kule Athens mwaka 1994. Zote hizo ni tofauti ya manne. Rekodi sasa ni yenu. Wanaokutumia picha za kiganja chenye vidole vitano wana haki ya utani wao, ndivyo ushabiki ulivyo, na ingekuwa wewe umeshinda ungefanya hivyo hivyo. Sina ugomvi nao. Wao wanaicheka Inter. Wewe unataka kuifuta safari yake nzima.

Hebu angalia unachotaka kukitupa. Hatua ya ligi, mechi nane, Inter waliruhusu bao moja tu. Robo fainali wakaenda Munich wakaifunga Bayern 2-1 nyumbani kwake, wakatoka sare 2-2 Milan, na Bayern wakaikosa fainali iliyopangwa kuchezwa kwenye uwanja wao wenyewe. Kisha ikaja Barcelona. Mechi ya kwanza 3-3. Marudiano San Siro tarehe 6 Mei, Inter wanaongoza 2-0 hadi mapumziko, Barcelona wanarudisha yote mawili, na dakika ya 87 Raphinha anafunga la tatu. Pale kila mtu alishaandika mwisho wa mechi kichwani mwake. Ndipo Francesco Acerbi, beki wa kati wa miaka 37, mtu aliyeugua saratani ya korodani ikamrudia mara ya pili na bado akarudi uwanjani, akaacha nafasi yake nyuma, akapanda hadi mbele ya goli kama mshambuliaji, akaupiga kwa mguu wa kulia ambao si mguu wake, wavuni. Dakika ya 93. Katika muda wa nyongeza, dakika ya 99, Frattesi akafunga la nne. Kipa wenu Yann Sommer akamnyima Lamine Yamal wa Barcelona hadi filimbi ya mwisho. Jumla 7-6.

Ulinipigia simu usiku ule. Sikukuelewa ulichokuwa unasema, ulikuwa unalia na kucheka kwa wakati mmoja, na mimi nisiye shabiki wa Inter nilikaa nimeshika simu nikifurahi nawe. Sasa unaniambia ingekuwa afadhali krosi ile ya Dumfries isingemfikia Acerbi? Kwa sababu ya kilichotokea siku 25 baadaye? Kuna mashabiki wanaoipenda timu yao tangu utotoni hadi uzeeni na hawapati usiku kama ule hata mara moja. Wewe umeupata, halafu unaomba uchukuliwe.

Na tano zenyewe hazikuja kwa sababu wachezaji hawakujali, kama unavyosema. Ziliingia kwa namna mpira unavyokwenda timu ikitanguliwa mapema kwenye fainali. Bao la kwanza dakika ya 12, la Achraf Hakimi, ambaye aliwahi kuchukua ubingwa wa Italia akiwa na Inter na hakushangilia, aliinua mikono kuwaomba radhi mashabiki wenu. La pili dakika ya 20, Désiré Doué. Katika mechi za nyumbani na ugenini, ukiwa nyuma kwa mawili unaweza kufunga milango, ukasubiri marudiano. Fainali haina marudiano. Lazima upande, na Inter walipopanda waliacha uwanja mzima nyuma yao mbele ya vijana wenye kasi kuliko timu yoyote waliyokutana nayo msimu ule. Dembélé alikuwa amemsimamia Sommer kila alipotaka kuanzisha mpira. Doué upande mmoja na Kvaratskhelia upande mwingine waliwabana mabeki wa pembeni wa Inter wasitoke, na mfumo wa 3-5-2 bila wale wawili kupanda hauna pumzi. Doué akaongeza la tatu dakika ya 63, Kvaratskhelia la nne dakika ya 73, na Senny Mayulu, kijana wa miaka 19 aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia, la tano dakika ya 86. Matatu hayo ya mwisho ni bei ya kujaribu kurudi mchezoni. Timu isiyojali ingejifungia nyuma ikaridhika na 2-0, na leo pengine usingekuwa na hasira hizi. Mimi naiheshimu zaidi iliyopanda.

Sasa Dimarco. Hili ndilo lililoniuma kuliko yote.

Kweli, bao la kwanza alichelewa kutoka na wenzake, akamwacha Doué, aliyempasia Hakimi, asiwe ameotea. Kweli, bao la pili mpira ulimgonga yeye ukampoteza Sommer. Naliona, siwezi kubisha. Lakini huyu ni mtoto wa Milan, aliyelelewa katika timu za vijana za Inter, aliyekuwa akikaa jukwaani na mashabiki wenzake kabla ya kuwa mchezaji. Ukitafuta mtu aliyeumia kuliko wewe, ni yeye. Umemchagua kwa sababu makosa yake yanaonekana vizuri kwenye picha za marudio, wakati makosa ya timu nzima kuzidiwa mbio katikati ya uwanja hayana sura ya mtu.

Unamjua Moacyr Barbosa? Alikuwa kipa wa Brazil tarehe 16 Julai 1950 kwenye uwanja wa Maracanã, siku Brazil walipohitaji sare tu kuwa mabingwa wa dunia na wakafungwa 2-1 na Uruguay. Bao la pili lilipita upande wa karibu, upande ambao kipa hulaumiwa. Barbosa alikuwa miongoni mwa makipa bora wa zama zake, na nchi yake ikaamua kumkumbuka kwa mpira ule mmoja hadi alipofariki mwaka 2000. Nusu karne! Haikuwa hata mvua ya magoli, ilikuwa tofauti ya bao moja. Hasira ya shabiki haipimwi kwa idadi ya mabao, na ikishampata mtu wa kumshukia ni vigumu kumwachia.

Waangalie hao hao waliowafunga. Tarehe 8 Machi 2017 PSG walikwenda Barcelona wakiwa na mtaji wa 4-0 wakafungwa 6-1, la mwisho likiingia dakika ya 95. Kocha wa Barcelona usiku ule alikuwa Luis Enrique. Kwenye ulinzi wa PSG alikuwepo Marquinhos. Ungekuwa shabiki wao ungesema Marquinhos asiivae tena jezi ile, tena kwa sababu nzito kuliko ulizo nazo juu ya Dimarco. Mwaka 2020 akacheza fainali waliyofungwa 1-0 na Bayern. Mwaka 2025 ndiye aliyelinyanyua kombe mbele ya macho yako, na aliyempa mbinu za kulishinda ni Luis Enrique yule yule.

Wewe ulizima televisheni baada ya la nne, uliniambia mwenyewe. Kwa hiyo hukuona mwisho, mashabiki wa PSG walipokunjua kitambaa kikubwa chenye picha ya Luis Enrique na binti yake Xana, aliyefariki mwaka 2019 akiwa na miaka tisa, wakisimika bendera uwanjani. Nilifikiri juu yako pale, kwamba ungekuwepo ungewapigia makofi hata huku moyo unavuja damu, kwa sababu nakufahamu.

Kukaa hadi mwisho kunawezekana hata kwenye kipigo kikubwa. Tarehe 18 Mei 2019, Wembley, Manchester City waliifunga Watford 6-0 kwenye fainali ya Kombe la FA, matokeo yaliyolingana na rekodi ya mwaka 1903, Bury walipoifunga Derby County. Ilikuwa mara ya pili tu Watford kufika fainali hiyo, ya kwanza ilikuwa 1984. Nusu fainali walikuwa nyuma 2-0 mbele ya Wolves wakashinda 3-2 katika muda wa nyongeza, Gerard Deulofeu akifunga mawili. Huko Wembley mabao yalipokuwa yanaingia, upande wao wa jukwaa ulikuwa umejaa bendera za njano zinazopepea na watu wanaimba. Sijui shabiki yeyote wa Watford anayesema heri Wolves wangetutoa. Walijua wametoka wapi kufika pale.

Na kama unahisi PSG wamekuwa miamba isiyoguswa, kumbuka tarehe 13 Julai 2025, fainali ya Kombe la Dunia la Klabu kule Marekani. Baada ya kuitandika Real Madrid 4-0 kwenye nusu fainali, wakafungwa 3-0 na Chelsea, yote kipindi cha kwanza. Wiki sita tu baada ya Munich.

Ukitaka mtu wa kumlaumu, nipigie tubishane kuhusu Simone Inzaghi, aliyekuwa kocha wenu siku ile. Mimi naona wakati wa mapumziko, 2-0, alipaswa kubadili mfumo mara moja na kuongeza kiungo wa kumkaba Vitinha, kiungo wa PSG. Alisubiri hadi dakika ya 54, na alipobadili alibadili watu, mfumo ukabaki ule ule. Najua utasema kikosi kilikuwa kimechoka, wametoka kupoteza ubingwa wa Italia kwa pointi moja mbele ya Napoli wiki ile iliyopita, na benchi halikuwa na mtu. Sema. Hayo tutayabishania hata usiku kucha. Lile la Barcelona usinirudie nalo tena.

Dada yako